Sukari Anamfungia Nani?

Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni katika kipindi chetu cha kila juma. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia, na wale walioomba kuyasoma kwa utulivu.



Juma lililopita kijana mmoja alinijia nyumbani na mswada wa filamu ya video. Ni kijana mwenye bidii. Kurasa zake zilikuwa zaidi ya 60, zimechapwa vizuri, hazina makosa ya herufi. Aliketi, akanywa chai, akaningoja nisome. Humo nilimkuta mama wa kambo katili, tajiri mwenye dharau, mganga mwongo, mlevi anayepepesuka, na binti mwema ambaye kazi yake ni kulia. Nilipomaliza akaniuliza, "Mzee, unauonaje?"

Nikamwambia kwamba Kiswahili chake ni kizuri na visa vyake havichoshi. Kasoro ni moja tu: watu wake wote nilikuwa nimeshakutana nao.

"Wapi, mzee?"

"Katika filamu ya mwezi uliopita, na ya mwezi uliotangulia."

Alicheka, lakini niliona neno limemwingia. Alipoondoka nikajilaumu. Kumwambia mtu kuwa kazi yake haina kina ni rahisi. Shida ni kumwonyesha kina kinapatikana wapi. Kwa hiyo leo nataka kumjibu vizuri zaidi. Na nikimjibu yeye, nitakuwa nimezungumza nasi sote, kwa maana hata asiyeandika wala kuigiza huwachora watu kila siku. Huwachora barazani, kwenye daladala, ofisini, na zaidi ya yote nyumbani kwake mwenyewe.

Neno langu la leo ni moja: mtu si sifa yake. "Mchoyo" si mtu. "Katili" si mtu. Hizo ni hukumu tunazowapa watu baada ya kuwaona mara mbili tatu. Mwandishi anayeanza na hukumu ameanza mwisho wa safari. Saikolojia, yaani elimu ya nafsi ya binadamu na mwenendo wake, inaweza kumsaidia kurudi nyuma ya hukumu hiyo, amwone mtu kabla hajapewa jina.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe, ili nisionekane nawasema wengine.

Mwaka 1988 nilikuwa kijana, naandika michezo mifupi ya redio. Kulikuwa na mchezo mmoja wa kuchekesha juu ya mzee anayefungia sukari kabatini. Nilimwita Mzee Kufuli. Kila asubuhi Mzee Kufuli hufungua kabati, hupima vijiko vya sukari kimoja kimoja mbele ya watoto, hufunga tena, na ufunguo huuweka mfuko wa ndani wa koti. Sikuumba kitu hapo. Mzee huyo alikuwa baba yangu. Nilikuwa nimekua naye miaka yote hiyo nikiuona ufunguo ule, na niliona nimepata kichekesho cha bure.

Sehemu ya Mzee Kufuli alipewa mwigizaji mmoja mtu mzima, fundi cherehani kwa kazi yake, mtu wa maneno machache. Siku ya mazoezi aliisoma karatasi mara mbili, akavua miwani, akaniuliza:

"Mwandishi, sukari huyu mzee anamfungia nani?"

Nikamwambia, "Anawafungia watoto."

"Watoto wamemfanya nini?"

"Hawajamfanya kitu. Ni mchoyo tu."

Fundi alivaa miwani yake tena. "Haya," akasema. "Umeniandikia mchoyo, nitakusomea mchoyo."

Naye akasoma. Alikoroma, akagugumia, akahesabu vijiko kwa sauti ya mtu anayehesabu dhahabu. Studio nzima ilicheka, na mchezo ulipotangazwa watu walicheka vilevile. Jioni ya siku ya pili, kwenye kahawa, mtu mmoja aliyeijua nyumba yetu alimwita baba yangu "Mzee Kufuli", na wenzake wakaangua kicheko. Baba alimaliza kikombe chake akarudi nyumbani. Hakunigombeza. Hakusema neno. Asubuhi tulipoamka tulikuta kabati liko wazi, na kufuli limewekwa juu ya redio.

Kabati lile halikufungwa tena mpaka baba alipofariki. Nilijua nimekosea, lakini sikujua nimekosea nini, kwa maana kila nilichokiandika kilikuwa kweli. Nitarudi kwenye jambo hilo kabla sijawaaga.

Sasa tuitazame elimu yenyewe inasema nini. Mwaka 1967 wataalamu 2 wa saikolojia wa Marekani, Edward Jones na Victor Harris, walichapisha majaribio yao. Waliwapa wanafunzi insha zilizomhusu Fidel Castro wa Kuba. Nyingine zilimtetea, nyingine zilimpinga. Kisha waliwauliza: mwandishi wa insha hii, moyoni mwake, ana msimamo gani? Baadhi ya wanafunzi waliambiwa waziwazi kwamba mwandishi hakuchagua upande wake, alipangiwa tu. Ungetarajia waseme, "Basi hatuwezi kujua." Hawakusema hivyo. Hata baada ya kuambiwa, waliendelea kudhani kuwa aliyeandika kumtetea Castro anampenda zaidi kuliko aliyeandika kumpinga. Walikiona kitendo wakasahau aliyekiamuru. Miaka 10 baadaye, mwaka 1977, mtaalamu mwingine, Lee Ross, akakiita kilema hiki kosa la msingi katika namna tunavyowahukumu wenzetu: tunamtazama mtu, hatuyatazami yaliyomzunguka.

Fikiri juu ya siku ya kawaida mjini. Umesimama kituoni, utingo anakujibu vibaya. Papo hapo unasema, "Huyu hana adabu." Lakini kesho yake wewe ukimjibu mtu vibaya, husemi kuwa huna adabu. Unasema hukulala, mtoto anaumwa, mwenye nyumba anadai kodi. Kwako wewe kuna sababu. Kwa mwenzako kuna tabia. Wahenga walikwisha kulisema kwa maneno machache: mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mwandishi dhaifu hufanya kosa hilohilo kwa wahusika wake wote. Mhusika mkuu humpa sababu, kwa kuwa ndani yake amejitia mwenyewe. Waliobaki huwapa tabia. Ndiyo maana mama wa kambo wa filamu zetu hana jana wala juzi. Amezaliwa mlangoni, ameshika mwiko, tayari ana chuki.

Katika sanaa ya maigizo, mtu aliyepigana na kosa hili maisha yake yote ni Mrusi Konstantin Stanislavski, aliyezaliwa mwaka 1863 akafariki mwaka 1938. Mwaka 1898 yeye na mwenzake Vladimir Nemirovich-Danchenko walianzisha jumba la maigizo la sanaa mjini Moscow. Wakati huo mwigizaji wa mapenzi aliweka mkono kifuani, na mwigizaji wa hasira alikunja ndita na kutoa macho. Kila hisia ilikuwa na ishara yake, kama nguo za kukodi zinazomwenea kila mtu na hazimkai vizuri yeyote.

Katika mwaka huohuo wa kwanza walicheza mchezo wa Anton Chekhov uitwao Shakwe, ambao ulikuwa umezomewa mjini St. Petersburg mwaka 1896. Chekhov alikuwa daktari. Watu wa michezo yake huzungumza habari za hewa na chai, na huku nyoyo zao zinaungua kwa mambo mengine kabisa. Ukiwaigiza kwa ishara za kukodi hawaeleweki. Moscow walijaribu njia nyingine, ya kutafuta kile ambacho mtu hasemi, na mchezo uleule ulioangushwa ukasimama.

Njia ya Stanislavski ni ndefu, lakini mizizi yake inaelezeka kwa urahisi. Kwanza, mwigizaji ayajue mazingira ya mhusika: ametoka wapi, saa ngapi, amekula au hajala, anadaiwa na nani. Pili, ajiulize kwa neno dogo "kama": kama mimi ningekuwa katika hali hii, ningefanya nini? Halazimiki kuamini kuwa yeye ni mfalme. Analazimika kujua angefanya nini lau angekuwa. Tatu, katika kila tukio ajue mhusika anataka nini. Hapa anatafuta haja, wala hatafuti hisia. Hisia haiji kwa kuitwa. Jaribu sasa hivi kujiamuru uwe na huzuni, haiwezekani. Lakini ukimtafuta mtoto aliyepotea sokoni, huhitaji kuamriwa hofu. Utakuja nayo mwenyewe.

Nawapeni mfano mmoja wa nyumbani. Mke anamwambia mumewe, "Chakula kiko mezani." Maneno 3 tu. Kama anataka mume akae wazungumze, kwa sababu leo amepata habari njema, atayasema kwa namna moja. Kama anataka mume ajue kuwa saa 5 usiku si saa ya kurudi, atayasema kwa namna nyingine. Na kama mchana amegundua barua mfukoni mwa shati, anaogopa kuuliza kwa sababu anaogopa jibu, basi atayasema kwa upole kuliko siku zote, na upole huo ndio utakaomtisha mume na msikilizaji. Mwandishi hakuongeza neno hata moja. Aliyeongeza ni mwigizaji anayejua mke anataka nini, anaogopa nini, na anaficha nini.

Haja, hofu, siri. Kijana wangu wa mswada akizishika hizi 3 ameshika nusu ya kazi.

Nusu iliyobaki ni kujua kwamba binadamu hajifichi kwa wenzake tu. Hujificha na kwa nafsi yake. Hapa wanasaikolojia wameandika mengi, tangu Sigmund Freud mwishoni mwa karne ya 19. Binti yake, Anna Freud, mwaka 1936 alitoa kitabu kizima juu ya njia ambazo nafsi hujihami na maumivu. Usidhani ni mambo ya Ulaya peke yake. Tunazo njia hizo katika hadithi na methali zetu, ila hatukuzipa majina ya kitaalamu.

Sungura aliruka akizitamani ndizi, akashindwa kuzifikia, akaondoka akisema hazijaiva. Huko ni kuipa nafsi sababu ya uongo ili isiumie. Nyani haoni kundule; huliona la mwenzake. Huko ni kumtupia mwingine aibu iliyo yako. Na yule anayekemewa na mkubwa wake kazini, akanyamaza, kisha akafika nyumbani akampiga mtoto kwa sababu ya kikombe, huyo ameihamisha hasira kutoka mahali penye hatari kuipeleka mahali pasipo hatari. Mwandishi akizijua njia hizi hataandika tena, "Alikuwa mtu mkali." Ataandika ofisi, ukimya, safari ya basi, na kikombe. Msomaji ataunganisha mwenyewe, na akiunganisha mwenyewe hatasahau.

Katika riwaya ya Kiswahili, Euphrase Kezilahabi alitupa mfano mkubwa katika Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971. Zakaria ni baba mlevi aliyeshindwa kuitunza nyumba yake, lakini ni mkali kupindukia katika kuwalinda binti zake na wanaume. Anampiga Rosa vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Ukitazama juu juu utasema huyu ni baba mwenye msimamo. Ukitazama ndani unaona mtu ambaye hana tena amri juu ya kitu chochote, akashikilia amri moja iliyobaki. Na Rosa, aliyelelewa kwa woga bila kufundishwa kujiamulia, anapofika mbali na macho ya baba anakuwa kama mtu aliyefunguliwa kamba asijue kutembea. Hakuna anayemhubiria msomaji kwamba malezi ya fimbo yana hatari. Msomaji anamwona binti anaangamia, na anaijua njia iliyompeleka huko.

Msomaji mwingine ataniuliza: Je, Shaaban Robert alikosea? Katika Adili na Nduguze mwema anaitwa Adili, na ndugu zake wanaitwa Hasidi na Mwivu. Majina yao ni sifa zao. Jibu langu ni kwamba hakukosea, kwa sababu alikuwa anafanya kazi nyingine. Hadithi ya maadili ni kama mizani ya dukani: inatakiwa ionyeshe uzito waziwazi. Tunaposoma habari za Hasidi hatutarajii kumkuta mtaani. Tunatarajia kukutana na husuda yetu wenyewe. Tatizo linakuja pale mtu anapotuahidi maisha ya kweli, yenye Kariakoo na daladala na simu, halafu anatuletea watu wa mizani.

Pengine mtasema mambo haya ni ya wasomi, hayana faida kwa mtu wa kawaida. Basi nikumbusheni mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza kutangazwa na Redio Tanzania mwaka 1993. Wengi wetu tulikatiza shughuli ili tumsikie Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu. Watu waliucheka na kuulilia bila kujua kwamba nyuma yake kulikuwa na saikolojia iliyopangwa kwa makini.

Mpango huo ulitokana na kazi ya Miguel Sabido wa Mexico, ambaye katika miaka ya 1970 alitengeneza michezo ya televisheni ya kuhimiza watu wazima kujisomea na wazazi kupanga uzazi. Sabido aliyasoma maandishi ya mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeonyesha kuwa binadamu hujifunza sana kwa kumtazama mwenzake na kuona yanayompata. Sabido akagawa wahusika katika makundi 3: wa kuigwa, wa kuepukwa, na wa katikati. Huyo wa katikati ndiye aliyebeba mzigo. Ni mtu anayeyumba, anayejua jema na kuliogopa, anayepiga hatua moja mbele na nyingine nyuma. Mtakatifu hatufundishi sana, kwa kuwa tunajua sisi si yeye. Anayetufundisha ni yule anayeshindwa kama sisi, kisha siku moja akaweza. Katika Twende na Wakati, Tunu alikuwa mmoja wa hao: mke mvumilivu aliyejifunza polepole kusimama kwa miguu yake.

Na faida yake ilipimwa. Kituo cha Dodoma hakikuutangaza mchezo huo kati ya mwaka 1993 na 1995, ili watafiti waweze kulinganisha. Waligundua kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule mchezo uliposikika. Ndugu zangu, hotuba za afya zilikuwapo sehemu zote mbili. Kilichopungua Dodoma ni watu wa kubuni walioaminika.

Sasa nina tahadhari 2, kwa sababu dawa ikizidi ni sumu.

Ya kwanza: usimgeuze mhusika kuwa mgonjwa wa hospitali. Siku hizi nasoma hadithi ambamo kila mwovu alidhulumiwa utotoni, na mwandishi anaona amemaliza kazi. Wapo waliodhulumiwa wakawa wapole kuliko malaika. Sababu moja haitoshi kumwumba mtu. Tena, kueleza si kusamehe. Ukinionyesha kwa nini mwizi aliiba, hujaniambia kuwa aliyeibiwa hakuumia. Mchezo mzuri unanifanya nimwelewe mwizi na bado niombe akamatwe.

Ya pili ni ya waigizaji. Stanislavski alipokuwa anatafuta njia, alivutiwa na maandishi ya Mfaransa Théodule Ribot juu ya kumbukumbu za hisia, akawataka waigizaji wakumbuke huzuni zao wenyewe ili walie kweli jukwaani. Huko Marekani Lee Strasberg aliishika njia hiyo kwa nguvu. Lakini mwaka 1934 mwigizaji Stella Adler alikutana na Stanislavski mjini Paris, akafanya naye kazi majuma kadhaa, akarudi New York kuwaambia wenzake kwamba mzee mwenyewe sasa anatilia mkazo mazingira ya mhusika na vitendo vyake kuliko kuchimba machungu ya mwigizaji. Wawili hao walitofautiana juu ya hilo maisha yao yote. Mimi naegemea upande wa Adler. Nimewaona vijana wakifufua misiba yao kila jioni kwa ajili ya makofi, na asubuhi hawawezi kuamka. Msiba wako si mali ya jukwaa. Mpe mhusika sababu zake mwenyewe, zifanyie kazi kwa mikono na miguu, na machozi yakija yatakuwa ya mhusika, utayaacha pale pale na kwenda kulala.

Kwa hiyo, kijana wangu, kabla hujaandika upya, mkalishe kila mhusika kitini umwulize maswali haya. Kwanza, leo unataka nini, si maishani bali leo, kutoka kwa mtu huyu aliye mbele yako? Pili, unaogopa nini usipokipata? Tatu, kuna nini usichotaka kijulikane? Nne, ni jambo gani unalolifanya kila siku ambalo wengine hulicheka, nalo lilianza lini? Tano, ni lini ulikwenda kinyume na sifa yako? Swali hili la tano usiliache. Mchoyo amepata kumpa nani kitu? Mkali amepata kumbembeleza nani? Mahali ambapo mtu anavunja sifa yake ndipo mlango wake ulipo.

Kama ningeliuliza swali hilo mwaka 1988, ningelikumbuka jambo moja. Baba yangu hakuwahi kumpiga wala kumshuku mtoto kwa kitu kilichopotea nyumbani. Hela ikipotea alisema ameidondosha mwenyewe. Jambo hilo nililiona kwa macho yangu miaka mingi, nikaliacha nje ya karatasi kwa sababu halikulingana na uchoyo.

Baba alifariki mwaka 1996. Siku ya arobaini, watu walipokwisha kutawanyika, niliketi uani na shangazi yangu mkubwa, nikamweleza habari ya mchezo ule na kufuli juu ya redio. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwani hakukwambieni habari ya Pangani?"

"Hapana, shangazi."

"Baba," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, "yule alilelewa nyumba ya watu baada ya wazee wetu kufa. Alikuwa na miaka 9. Sukari ya nyumba ile ilikaa kwenye kopo, wazi, juu ya rafu. Ikapungua. Watoto wa nyumba walikuwapo wengi, lakini wa kuja alikuwa yeye. Alipigwa mbele ya wote, akaitwa mwizi, na jina likamkaa mpaka alipotoka pale. Hakuila, baba. Mimi namjua, hakuila. Alipooa alisema: nyumbani kwangu kitu kitamu kitafungwa, ili siku kikipungua asiulizwe mtoto, niulizwe mimi mwenye ufunguo."

Ndugu wasikilizaji, fundi cherehani aliniuliza sukari ile anamfungia nani. Nilijibu, "Watoto." Kumbe jibu langu lilikuwa sahihi, ila sikuwa nimelielewa. Aliwafungia watoto kama mtu anavyowafungia mlango usiku.

Mwaka uliofuata niliuandika mchezo ule upya. Ufunguo uliendelea kukaa mfuko wa ndani wa koti, na vijiko vilihesabiwa vilevile. Niliongeza tukio moja tu: mtoto wa jirani anashukiwa kuiba, na Mzee Kufuli anatoka nje bila viatu kwenda kusema kwamba kilichopotea amekichukua yeye. Nilimpelekea fundi, amezeeka, macho yamepungua, ikabidi nimsomee. Aliposikia tukio hilo alisema, "Sasa umeniandikia mtu," akaniomba nimsomee tena toka mwanzo. Ulipotangazwa watu walicheka pale pale walipocheka zamani, kisha wakanyamaza. Mtu mmoja niliyetaka ausikie hakuwapo.

Kijana wangu, rudi kwa yule mama wa kambo wako. Mwulize mwiko ule kaushika tangu lini, na siku ya kwanza alipoingia nyumba ile ni nani aliyemwogopesha. Nasi wengine, tukirudi makwetu jioni hii, pengine kuna mtu tuliyekwisha kumpa jina. Tumwulize angali hai.

Hadi juma lijalo, kwaherini.